Kuingia makumbusho ya Freemason si kujiunga

Swali: Shikamoo, Mama. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari hapa Mbeya. Nimepata kozi fupi London na kwenye ratiba tuna siku ya mapumziko. Nimesoma kwamba kuna makumbusho ya historia ya Freemason ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuingia, nikatamani kwenda. Nilipomweleza mama yangu alilia. Anasema ukishavuka mlango wao jina lako limeandikwa. Mzee wa kanisa naye amenionya. Wanafunzi wangu ndio usiseme, kila nikigusa historia ya Ulaya wanauliza Freemason. Je, niende? Nikienda nitazame nini? Na nikirudi niwaambie nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa machozi ya mama. Nenda. Ningeweza kuishia hapo, lakini umeuliza mambo matatu na kila moja lina uzito wake, kwa hiyo nivumilie.

Makumbusho unayoyasema yanaitwa Museum of Freemasonry, yaani ya Freemason, chama cha kindugu kinachotumia alama za waashi wa mawe. Yako ndani ya jengo la Freemasons' Hall, mtaa wa Great Queen Street, kati ya vituo vya treni vya Holborn na Covent Garden. Kiingilio ni bure. Wanaoingia ni watalii, wanafunzi wa usanifu majengo, na watu wanaotafuta habari za babu zao kwenye maktaba. Hakuna kiapo mlangoni wala daftari la agano. Kujiunga kwenyewe, nitakavyokueleza, ni safari ndefu ya hiari yenye wadhamini, mahojiano na kura. Mtu hajikuti mwanachama kwa sababu ametazama kabati la vioo.

Mama mkumbushe Kalenga. Sisi wa Iringa tuna makumbusho pale ambayo kiini chake ni fuvu la kichwa cha mtu. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa kikakatwa na kupelekwa kwao, na fuvu likarudishwa mwaka 1954 mikononi mwa Gavana Edward Twining. Kila muhula mabasi ya shule yanashusha watoto wanaolitazama fuvu lile wakiwa na daftari mkononi. Sijamsikia mzazi hata mmoja akisema mtoto wake amefungwa na mizimu kwa kulitazama. Tunajua kutofautisha kutazama na kuabudu. Tofauti hiyohiyo ndiyo utakayokwenda nayo London.

Kuhusu mzee wa kanisa, usimdharau, maana onyo lake lina mizizi. Papa Klementi wa 12 aliwakataza Wakatoliki kujiunga na Freemason mwaka 1738. Katazo hilo lilisisitizwa tena Roma mwaka 1983, na tena mwaka 2023 kwa jibu lililotumwa kwa askofu wa Ufilipino. Kwa upande wa Waislamu, wanazuoni wa fiqhi waliokutana Makka mwaka 1978 walitoa azimio kali. Makanisa ya Kiprotestanti hayana kauli moja: Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1945 hadi 1961, alikuwa Freemason, lakini mwaka 1987 sinodi ya kanisa lake hilohilo ilijadili ripoti iliyohoji kama mambo hayo mawili yanapatana. Sasa angalia kinachokatazwa katika kauli zote hizo: ni kujiunga. Kusoma historia yao hakumo. Mwambie mzee hivyo kwa adabu, na naamini atakuelewa.

Tuje kwenye maonyesho yenyewe.

Kabla hujafika kwenye vyumba vya maonyesho, jengo litakuwa limeshakusemesha. Lilifunguliwa mwaka 1933, na lilijengwa kama kumbukumbu ya wanachama wao zaidi ya 3,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Majina yao yameandikwa mmoja mmoja na kuhifadhiwa ndani ya sanduku la shaba chini ya dirisha la vioo vya rangi. Ukipata nafasi ya kutembezwa jengo zima, simama hapo usiharakishe. Wewe ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini, na unajua vita ile ilipita huku: Iringa, Njombe, Songea, Tukuyu, mpaka von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaweka silaha chini kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mwezi Novemba 1918. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu, na sehemu kubwa ya majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Ukiwa mbele ya sanduku lile, swali la kwanza la mwanahistoria linakuja lenyewe: nani alikuwa na uwezo wa kuandikwa, na nani hakuandikwa? Liweke mfukoni, utalihitaji katika kila chumba.

Historia watakayokusimulia inaanza na waashi wa mawe, wale waliojenga makanisa makubwa ya Ulaya, waliokuwa na kibanda chao kando ya jengo na siri zao za ufundi. Uskoti kuna kumbukumbu za vikao vya loji, yaani kikundi cha wanachama wanaokutana pamoja, tangu mwaka 1599. Polepole wakaanza kuingia watu wasioshika patasi, mabwana, wasomi, wanajeshi, na zana za ujenzi zikageuka kuwa mafundisho ya tabia. Tarehe 24 Juni 1717, kwa mujibu wa simulizi yao wenyewe, loji nne za London zilikutana katika kilabu cha pombe kilichoitwa Goose and Gridiron, karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, zikaunda Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuziongoza loji nyingine. Mwalimu wa historia atapenda kujua kwamba wapo watafiti wanaoipinga tarehe hiyo na kusema Loji Kuu ilianza 1721, kwa sababu simulizi ya 1717 iliandikwa miaka mingi baadaye. Katiba yao ya kwanza, iliyoandaliwa na James Anderson, ilichapishwa mwaka 1723. Makundi mawili yaliyokuwa yakishindana yaliungana mwaka 1813, na Loji Kuu iliyozaliwa siku hizo ndiyo yenye jengo utakaloingia.

Kuna kiti kikubwa mno kilichotengenezwa mwaka 1791 kwa ajili ya mwana wa mfalme, aliyekuja kuwa Mfalme George wa 4. Wageni wote hukipiga picha. Kipige nawe, kisha usogee, maana kinakuambia tu kwamba watawala walikuwemo, jambo ambalo hawajawahi kulificha.

Mahali pa kutumia muda wako ni kwenye aproni. Ziko nyingi, na mwanzoni utaona nguo tu. Tafuta ile nyeupe tupu isiyo na pambo lolote: hiyo ni ya mwanagenzi, mtu wa daraja la kwanza, na kwa desturi hutengenezwa kwa ngozi ya mwanakondoo. Ya daraja la pili, fundi mwenza, ina maua mawili ya utepe. Ya fundi mkuu, daraja la tatu, ina maua matatu, ukingo wa buluu ya mbingu na shada za vinyororo saba kila upande. Sogea karibu utazame ukosi wa juu na mikunjo. Za zamani zimechorwa kwa mkono, jua, mwezi, ngazi, bikari na skwea, na wino umepauka. Kisha kumbuka kwamba zote zinatokana na vazi alilolivaa mwashi ili jiwe lisimchane nguo. Fundi wa Uyole anayekujengea ukuta ana zana nusu ya zile zilizomo kwenye kabati lile: timazi, pima maji, mwiko, skwea, nyundo. Kwa Freemason timazi linafundisha kusimama wima katika matendo, pima maji linafundisha usawa wa watu, skwea linafundisha uadilifu. Unaweza kukubali au kukataa kwamba wanayaishi hayo, lakini alama zenyewe hazina fumbo zaidi ya hapo.

Kitakachokutisha, au kumtisha mama ukimwonyesha picha, ni ubao wa mafundisho wa daraja la tatu. Mbao hizi zilichorwa kwa wingi karne ya 19, na za Kiingereza zinafanana: jeneza jeusi limejaza karibu picha nzima, juu yake fuvu na mifupa miwili iliyopishana, zana za ujenzi, na kwenye kichwa cha kaburi tawi la mgunga. Hadithi yake inamhusu Hiramu, fundi wa hekalu la Suleimani. Hiramu wa Tiro yumo kwenye Biblia, 1 Wafalme sura ya 7, ila kifo chake hakimo. Hicho wamekitunga wao. Wanasema wafanyakazi watatu walimvizia ili awape siri za ufundi mkuu, akakataa, wakamuua na kumzika, na tawi la mgunga likaonyesha kaburi lilipo. Anayeingia daraja la tatu huigiza nafasi ya Hiramu: analazwa kama maiti kisha anainuliwa. Hapo ndipo yanapotoka maneno ya mtaani kwamba wanalala kwenye jeneza. Ni igizo la kufundisha kwamba mtu atakufa na kwamba afadhali kufa kuliko kuvunja ahadi. Wewe umekulia nchi yenye jando na unyago, unajua kwamba kumfanya kijana afe utotoni na kuzaliwa ukubwani, gizani, kwa nyimbo za siri, ni jambo la kale kabisa la binadamu. Halihitaji shetani ili lielezeke.

Lakini nisikufiche upande mwingine. Viapo vyao vilikuwa na maneno ya kutisha kweli: anayeapa alikubali kukatwa koo iwapo atatoa siri. Hawakuwa wakikatana makoo, ila maneno hayo yalisemwa na watu wazima mkono ukiwa juu ya kitabu kitakatifu, na ni haki ya mtu wa dini kuyaona mabaya. Loji Kuu ya Uingereza iliyaondoa kwenye viapo mwaka 1986. Mwaka 1826 kule Batavia, jimbo la New York, William Morgan alitangaza kuchapisha siri zao, akatekwa na hakuonekana tena. Wanachama kadhaa walifungwa kwa utekaji, na hasira ya wananchi ilikuwa kubwa kiasi cha kuzaa chama cha siasa cha kuwapinga Freemason. Nchini Italia polisi walipata mwaka 1981 orodha ya karibu watu 1,000 wa loji iliyoitwa P2, wakiwemo mawaziri, majenerali na wakuu wa usalama, na serikali ikaanguka. Loji hiyo ilikuwa imeshafutiwa kibali chake mwaka 1976, lakini ilitumia jina na siri za Freemason kujificha. Kwa hiyo anayekuambia lawama zote dhidi yao ni uzushi, naye hasemi kweli.

Makumbusho yoyote yanayoendeshwa na wenye mali husimulia kwa sauti ya mwenye mali. Utaona hisani nyingi: shule za yatima, hospitali, michango. Ni kweli, walifanya. Uliza kuhusu wasioonekana. Wanawake: loji za Kiingereza za asili haziwapokei mpaka leo, ingawa zipo loji za wanawake tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Watu weusi: Prince Hall wa Boston na wenzake weusi 14 walipokelewa mwaka 1775 na loji ya wanajeshi wa Uingereza, kwa kuwa za Wamarekani weupe hazikuwataka, mwaka 1784 London ikawapa hati ya loji yao, na kutoka hapo kukazaliwa mfumo mzima wa loji za Wamarekani weusi ambao weupe waliukataa kwa karne mbili. Chama kilichokuwa kikifundisha usawa kwa pima maji kilikuwa na wanachama waliomiliki watumwa. Na loji zilisafiri na utawala wa kikoloni: kila walipokwenda wanajeshi na maofisa wa Kiingereza, India, Kepu ya Afrika Kusini, Afrika Mashariki, walifungua loji, na kwa muda mrefu milango yake haikuwa ya wenyeji. Ukiona ramani ya kuenea kwao duniani, iweke kichwani kando ya ramani ya ukoloni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwa mtu wa makumbusho kama mimi ni zito. Maonyesho yanaweza kuwa silaha. Hitler alifunga loji za Ujerumani mwaka 1935, na jeshi lake lilipoteka nchi nyingine liliiba vifaa vya loji. Kisha yakafanyika maonyesho. Paris mwezi Oktoba 1940, katika jumba la Petit Palais, na Belgrade mwezi Oktoba 1941, watu walialikwa kuja kuona aproni, mafuvu na majeneza yaleyale, safari hii yakiwa yamepangwa ili kuwaaminisha kwamba Freemason na Wayahudi wanashirikiana kuimeza dunia. Vitu havikubadilika. Kilichobadilika ni maandishi ya ukutani na mtu aliyeyaandika. Wakati huohuo, mwezi Novemba 1943, wafungwa Wabelgiji katika kambi ya Esterwegen walifungua loji kwa siri ndani ya kibanda cha wafungwa, na wengi wao hawakutoka hai kwenye kambi za Wanazi. Ningependa wanafunzi wako wazisikie hadithi hizi mbili kwa pamoja.

Sasa swali lako la tatu, la wanafunzi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Hadithi ya kwamba Freemason wanamwabudu shetani ina mwandishi anayejulikana. Mwaka 1885 Mfaransa mmoja aliyejiita Léo Taxil alitangaza kwamba ameokoka na kuanza kuchapisha vitabu vya kufichua siri za loji: mapepo, kafara, ibada za usiku, na binti aitwaye Diana Vaughan aliyetoroka kwa shetani. Vitabu viliuzwa sana. Hata Papa Leo wa 13 alimpokea. Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliita mkutano Paris, watu wakaja kumwona huyo Diana, naye akasimama mbele yao akasema yote aliyatunga mwenyewe tangu mwanzo. Ilibidi polisi wamtoe ukumbini. Miaka zaidi ya 120 baadaye, picha ya yule kiumbe mwenye kichwa cha mbuzi iliyotumika kutangaza vitabu vyake bado inazunguka kwenye simu za wanafunzi wa Mbeya. Lile jicho ndani ya pembetatu nalo lilikuwa alama ya Mungu aonaye yote katika michoro ya makanisa kabla loji hazijalitumia, na Illuminati wa kweli walikuwa chama cha wasomi wa Bavaria kilichoanzishwa na Adam Weishaupt mwaka 1776 na kupigwa marufuku kabla muongo mmoja haujaisha.

Kwetu hadithi hizi zimeangukia udongo uliokwishalimwa. Bibi zetu walitishwa na mumiani wanaonyonya damu. Dar es Salaam ya wakoloni watu waliwaogopa wazimamoto kwa sababu hiyohiyo. Mbeya wenyewe mnakumbuka hofu ya wachuna ngozi ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na hiyo haikuwa uvumi mtupu. Watu waliuawa kweli, na wauaji walikuwa watu wa hukuhuku waliodanganywa na waganga kwamba kiungo cha binadamu kinaleta mali. Kisha mwezi Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi huko Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na umati uliowadhania wanyonya damu. Walikuwa kazini. Ninapomsikia mtu akisema uvumi haudhuru, nawakumbuka hao watatu.

Na uvumi wa Freemason una wanaokula kwao. Pita Kabwe au Mwanjelwa usome nguzo za umeme: jiunge na Freemason upate utajiri, piga namba hii. Ujumbe wa aina hiyo unaingia kwenye simu pia. Anayepiga anaombwa ada ya fomu, elfu hamsini, mara laki. Akishatuma anaambiwa fedha zake ziko tayari ila zinahitaji sadaka ya kuzifungua, kisha zimekwama uwanja wa ndege, kisha amekiuka masharti na asipolipa faini ataona kitakachompata. Wengi wanaendelea kulipa kwa hofu, na hawaendi polisi kwa sababu wataanzaje kueleza walichokuwa wanatafuta. Nimezungumza na kijana aliyeuza shamba la baba yake la viazi kwa njia hiyo. Sina neno la ukali kwake. Alikuwa na njaa ya maisha na akakutana na mwizi.

Ndiyo maana nataka utafute kwenye maonyesho kitu kidogo ambacho wengi hukipita: sanduku la kura. Loji za Kiingereza zilikuwa nazo za mbao nzuri, zenye tundu la kuingiza mkono, ili mpiga kura adondoshe gololi yake bila kuonekana, nyeupe kwa kukubali, nyeusi kwa kukataa. Anayetaka kujiunga lazima awe na watu wawili ndani ya loji wanaomfahamu na kumdhamini, ahojiwe, kisha apigiwe kura. Siku ya kuingizwa anatamka mbele ya wote kwamba hakuja kwa tamaa ya fedha. Anaondolewa fedha zote na kila kitu cha chuma alichonacho, anafungwa kitambaa machoni, na wakati fulani katika ibada hiyo anaombwa atoe mchango kwa maskini, naye hana kitu. Lengo ni akumbuke siku aliyosimama bila senti. Baada ya hapo analipa ada kila mwaka. Hebu mwambie mwanafunzi auweke utaratibu huo kando ya tangazo la nguzo ya Mwanjelwa, mwenyewe ataona kwamba aliyebandika lile karatasi hajui hata anachokiigiza.

Kama watasema hayo ni ya London, wape mfano wa nyumbani. Freemason wapo Tanzania, wana jengo lao Dar es Salaam, barabara ya Sokoine, mchana kweupe. Aliyekuwa kiongozi wao wa Afrika Mashariki kuanzia 1986 hadi 2005 alikuwa Sir Andy Chande, na alizungumza na waandishi wa habari kuhusu jambo hilo bila kujificha mpaka alipofariki mwaka 2017. Wazee wa huko kwenu wanamjua kwa njia nyingine: aliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lililokuwa likinunua mahindi ya mikoa yetu. Alifikaje huko? Familia yake ilikuwa na viwanda vya kusaga nafaka, na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 vikataifishwa. Wakati huo alikuwa Freemason wa miaka mingi. Uanachama haukumlindia hata kinu kimoja. Mwalimu Nyerere akampa kazi ya kuviendesha kwa niaba ya umma, akaifanya.

Darasani usiwahubirie kwamba Freemason ni wema au wabaya. Wape kazi ya historia. Waandike kwenye karatasi habari moja waliyoisikia, kisha waifuate nyuma: nani alikuambia, yeye aliisikia wapi, nani wa kwanza kuiandika, alikuwa anauza nini. Kikundi kimoja kichukue Taxil, kingine kichukue P2, kingine tangazo la kwenye nguzo. Wa P2 watagundua jambo lina ushahidi, na wa Taxil watagundua halina, na mabishano yatakayofuata yatakuwa somo bora kuliko lolote nitakaloliandika mimi. Ukipata wanafunzi wanaolia au kuogopa, na watakuwepo, wape nafasi ya kuzungumza nawe pembeni. Nyuma ya maswali yao mara nyingi kuna ndugu aliyetapeliwa au msiba uliopewa sababu ya uongo.

Mambo madogo ya safari. Angalia siku za kufunguliwa kwenye tovuti yao kabla hujatoka hotelini, maana hazifanani na za makumbusho mengine. Matembezi ya kuongozwa ndani ya jengo hulipiwa na hujaa mapema. Ukumbi mkubwa una milango ya shaba ambayo kila ubao una uzito wa zaidi ya tani moja, na unaweza kuukuta umefungwa kwa shughuli. Dukani kuna vitu vyenye alama ya bikari na skwea. Kwa ajili ya amani ya mama, nunua kadi au kitabu, pete iache. Mpigie simu ya video ukiwa mle ndani, aone watoto wa watu wakizunguka na wazazi wao.

Ukibakiwa na muda, tembea dakika chache hadi Lincoln's Inn Fields, nyumba namba 13, kwenye makumbusho ya Sir John Soane. Alizaliwa mwaka 1753, mtoto wa fundi matofali, akawa msanifu mkubwa wa majengo, na ndiye aliyewafanyia Freemason kazi za ujenzi baada ya muungano wao wa 1813. Chini kabisa ya nyumba kuna jeneza la jiwe la farao Seti wa 1, alilolinunua mwaka 1824. Nako kiingilio ni bure.